Mifupa ya Sanamu

Eldoret, 9 Juni 1938

Kwa dada yangu mpendwa Nekoye,

Nakusalimu katika jina la Yesu. Kile kifua kimepoa? Sisi wazima, mvua imeshuka vizuri.

Padri aliniomba nimfinyangie Bikira Maria wa udongo. Akasema, "Kituyi, anza na amecha." Nikacheka. Kwetu kwenye mashine ya mbao, amecha ni kile chuma kilichozungushiwa nyaya ndani ya dinamo. Kumbe wachonga sanamu nao huita hivyo mifupa ya waya inayoshika udongo usianguke.

Waya sikuwa nao. Nikafungua amecha ya akiba ya bwana mwenye mashine, iliyokuwa stoo, nikasokota nyaya zake. Dinamo ilipoungua, akiba ikakutwa tupu. Akashikwa Kibet, mlinzi wa stoo.

"Fundi, wewe wanijua! Waambie!"

Nikatazama chini. Amefukuzwa kambini pamoja na mkewe na watoto.

Sasa kila Jumapili mkewe Jemutai hupiga magoti mbele ya sanamu ile, akiomba mwizi atubu. Nami nyuma yake naitikia "Amina".

Dada, mwisho wa mwezi namwambia bwana. Tukifukuzwa, utatupokea mimi, mke wangu Kavetsa na watoto? Tafadhali nijibu upesi.

Ndugu yako mwenye aibu,
Dominiko Kituyi