Jina la Kwanza Kwenye Orodha

4 Machi

Kaka mpendwa,

Natumaini u mzima, wewe, wifi na watoto. Mimi sijambo, ila usingizi umenipaa. Wiki mbili zimepita tangu kampuni iliyotununua ikupunguze kazini, nami sijakupigia hata simu. Katika idara tulikuwa thelathini, tumebaki kumi na mmoja. Sweta yako bado imetundikwa kwenye kiti. Hakuna anayethubutu kuigusa.

Nieleze unavyoendelea.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Huku wazima wote. Wifi yako anasema nimegeuka mkaguzi wa sufuria zake. Usijitese, kampuni mbili zikiungana lazima watu wabanane. Natengeneza kompyuta za majirani, kazi ya kupuliza vumbi tu, lakini mikono ina shughuli.

Kimoja kinanikera. Barua ya kuniachisha inasema nimeshindwa kwenda na mifumo mipya. Miaka kumi na sita pale, leo nimeshindwa? Wewe uko karibu na wakubwa. Niulizie nani kasema hivyo.

Kaka yako

2 Aprili

Kaka,

Nakusalimu, ingawa sijui nikusalimu kwa uso gani. Barua hii nimeichana mara nne.

Hakuna wa kuuliza. Ni mimi. Mkurugenzi mpya alinipa fomu kama msimamizi wa idara, akataka majina kumi na tisa kabla ya saa saba mchana, kila jina na sababu yake. Akaniambia, "Nasikia kaka yako yumo humu. Tutaona unavyokata."

Nikaanza na jina lako, asije akasema napendelea ndugu. Sababu niliitunga. Mfumo mpya uliujua kabla yangu, na kazi hii ulinifundisha wewe, mezani kwako, nilipokuwa sijui hata kuwasha kompyuta. Ungekuwa mtu baki, leo ungekuwa kazini.

Jumapili ya mwisho wa mwezi nitakuja kwa mama, tuonane.

Mdogo wako

8 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo. Barua yako nimeisoma, wifi yako naye akaisoma.

Kuniandika kwenye orodha ningekuelewa. Umebanwa, una watoto. Lakini jana niliitwa kwenye usaili, na ile barua ya kuachishwa walikuwa nayo mezani. Mama mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama naweza kufungua barua pepe. Nikamjibu naweza. Wewe sikukutaja.

Jumapili hiyo usije. Mwandikie kwanza mkurugenzi ukweli, utie sahihi yako. Ukishampelekea, njoo siku yoyote, hata bila kupiga hodi.

Kaka yako

17 Julai

Kaka,

Natumaini mmeamka salama. Mama ananiambia bado hujapata kazi, na kwamba hujamweleza chochote juu yangu. Nilitamani ungemweleza.

Barua kwa mkurugenzi niliiandika siku ileile nilipopata yako. Nimetia sahihi. Imo kwenye droo yangu ya ofisini, hatua ishirini kutoka mlangoni kwake. Wiki iliyopita mkurugenzi alinipa fomu nyingine ya majina.

Barua bado sijaipeleka.

Mdogo wako