Koti la Kaka Kwenye Msumari

Bukoba, kambini kwa zimamoto

Mama yangu,

Shikamoo, na kasinge sana. Goti linasemaje? Kahawa mliyoianika uani mmeianua kabla ya mvua? Mimi mzima, nimeungua vidole viwili tu. Ningekuja mwenyewe kukueleza haya, ila mabasi hayana petroli, na siku hizi Muleba imekuwa mbali kama Ulaya.

Nasikia huko mmeambiwa kwamba ghala la kahawa alilokuwa akilitunza kaka Deogratias limeungua kwa sababu tulimzika na ufunguo. Aliyewaletea habari hiyo ni mpumbavu, na aliyemtuma ni mpumbavu zaidi. Mimi nilikuwepo.

Ndani ya ghala lile kuna kabati jekundu lenye mpira wa kuzimia moto. Kabati la namna hiyo halifungwi, na likifungwa huwekewa kioo ili mtu akivunje kwa kiwiko, basi. Lakini meneja wao, bwana wa tai na kalamu tatu mfukoni, aligundua kuwa vibarua wanaukata mpira wapate wa kunyonyea petroli kwenye malori. Akapigilia bati mahali pa kioo, akatia kufuli nene, ufunguo akampa kaka. Akajisifu kwamba mpira hauibiwi tena. Kweli haukuibiwa!

Juma lililopita, mchana kweupe, magunia yakashika moto. Tulifika na gari lenye maji nusu tangi, yakaisha mara moja. Nikauliza ufunguo wa kabati uko wapi.

"Alikuwa nao marehemu, waitu," meneja akajibu.

"Marehemu aliuacha wapi?"

Wote wakatazama ukutani. Mama, koti la kazi la kaka lilikuwa pale pale kwenye msumari alipolitundika siku yake ya mwisho kazini. Miezi mitatu! Hata meza walikuwa wameisogeza wasikae karibu nalo.

"Kwa nini hamkuutoa?"

"Hujui kilichomuua? Ni Juliana ile, ugonjwa huu wa kukondesha watu. Nyie vunjeni tu."

Tuvunje kwa kifaa gani? Mtaimbo wetu ulikuwa umeazimwa Kibeta kuchimbia kaburi, kama kila juma. Shoka lilikuwa linateleza tu juu ya kufuli. Na wanaume wazima, wenye wake na vibanja, wamesimama wanatazama jasho la wakulima linavyoteketea, wanaogopa koti. Nikatia mkono mfukoni mwake. Ufunguo ulikuwemo pamoja na rozari yake. Kabati likafunguka, tukaokoa nusu ya kahawa. Hata mwenzangu wa zimamoto alikataa kuupokea mpira mpaka nipanguse mikono. Nilimtukana tusi ambalo siwezi kukuandikia wewe.

Moto ulipozimika, meneja akaandika kuwa marehemu aliondoka na ufunguo. Nikaenda kwa wakubwa wake, nikauweka mezani. Hakuna aliyeugusa, ila walilifuta lile neno. Kwa hiyo akija tena mtu kumsema mwanao, mfukuze.

Siku zote hizi nimekuwa nikiwadharau watu hawa. Lakini nyani haoni kundule, nisamehe kwa usemi huo. Kaka alipokuwa kitandani nilikuja kumtazama, nawe ukanimiminia chai. Nilisema nimeshakunywa njiani. Sikuwa nimekunywa, Mama. Niliogopa vikombe vya nyumba ile, na kaka aliniona nikiogopa.

Na jana nimepokea barua ya shemeji Anastazia. Hakulalamika. Ameomba nimtumie kikombe, kwa kuwa chake kimevunjika, na vya hapo nyumbani kwako haruhusiwi kuvigusa. Nimeisoma mara tatu nikidhani nimekosea. Mjane wa kaka, aliyemwosha na kumlisha mpaka mwisho sisi wengine tukiwa mlangoni, leo anaomba kikombe Bukoba?

Nisalimie baba mdogo, umwambie senene wakianguka aniwekee. Nisalimie shangazi, na katekista wetu, yule aliyesali akiwa hatua ishirini kutoka kaburini.

Shemeji usimpe salamu zangu kwa mdomo. Mwite mezani. Kikombe simtumii. Vikombe sita vimo kabatini kwako, na ufunguo unao wewe.

Ni mimi mwanao,
Projestus