Magazini za Siku ya Ukaguzi

Jego,
3 Aprili 2025

Kwa mwanangu Abdulbasit,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta huko Galu ukiwa na afya njema. Sisi huku tu wazima, alhamdulillah, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo habari zake unazijua. Dada yako Nusra anakusalimu.

Nimekupigia simu tangu tulipomzika kaka yako mwezi wa Februari. Hushiki. Basi naandika, na Mwero anayepeleka samaki Ukunda amekubali kukufikishia mkononi mwako. Karatasi huwezi kuizima.

Idi ilipita juzi. Nilipika pilau nikapakua sahani nne kwa mazoea, kisha nikakaa nazitazama mbili zilizokosa mlaji. Moja ya Jaafar, Mungu amrehemu. Nyingine yako wewe uliye hai.

Jana nimeletewa barua ya hoteli yenu. Nainakili hapa nisije nikaambiwa nimeongeza chumvi: "Marehemu Jaafar, mkuu wetu wa usalama, alivamiwa na wezi wawili wenye bunduki kwenye barabara ya Galu tarehe 11 Februari saa tisa mchana. Alifyatua risasi moja tu. Tumeridhika kwamba aliingiwa na hofu, na kwamba hakuitunza silaha aliyokabidhiwa." Sahihi ni ya Bwana Samuel, mwenye hoteli, kwa wino wa buluu.

Hofu! Jaafar aliteremka kisimani kwa kamba akiwa na miaka tisa kumtoa mbuzi wa jirani, akapanda na mbuzi begani akicheka. Na eti hakuitunza silaha. Mtoto huyu alikuwa akichomoa kamba za viatu vya shule na kuzifua peke yake, akazianika mbili mbili kwa urefu. Wewe ulikuwa ukimcheka, ukimwita bibi harusi.

Mahakama ya Kwale itasikiliza habari za kifo chake tarehe 12 Juni. Wewe ndiye mtunza stoo wa hoteli. Wewe ndiye uliyekuwa ukimpa ile bastola asubuhi na kuipokea jioni. Niambie, ilikuwa na nini?

Mimi mama yako,
Waridi


Galu,
11 Aprili 2025

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Natumai goti limepata nafuu. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Msalimu Nusra.

Nisamehe kwa simu. Kazi zimekuwa nyingi, wageni wa Pasaka wanaingia.

Mama, mambo ya silaha ni ya kitaalamu. Bastola ile ni ndogo, ya kufichwa chini ya shati, na bastola ndogo hukwama wakati mwingine. Ni kudura ya Mungu. Barua ya hoteli ni maneno ya ofisini tu, usiyatie moyoni. Bwana Samuel alitoa gari la kumleta marehemu nyumbani, tusisahau. Nakuomba usiende Kwale. Utaumia bure, na mimi bado nafanya kazi hapa.

Nimempa Mwero sukari kilo mbili na majani ya chai.

Mwanao,
Abdulbasit


Jego,
14 Aprili 2025

Kwa mwanangu Abdulbasit,

Waalaikum salaam. Sisi wazima. Sukari nimeipeleka madrasa, watoto wamekunywa uji.

Unaniambia nisisahau gari! Nilimzaa, nikamnyonyesha, nikamfunza kuandika jina lake kwa mkaa ukutani, kisha nimshukuru Samuel kwa gari la kumletea maiti? Kudura ya Mungu sibishani nayo. Nabishana na wino wa buluu. Mungu hakusema popote kwamba Jaafar ni mwoga. Aliyesema ni Samuel, na wewe unaniambia nisiyatie moyoni. Niyatie wapi? Mfukoni?

Kuna jambo nimelikumbuka nikiosha vyombo. Jaafar alipokuja mwezi wa Januari alifungua kabati akatoa sahani ya wageni, ile yenye ukingo wa dhahabu, akapakulia wali wake. Nikamfokea, "Rudisha! Hizo ni za wageni." Akaniambia, "Mama, wageni gani hao wasiofika miaka yote? Kule kazini nako ni vivyo hivyo. Vizuri vimefungiwa, vibovu ndivyo tunatembea navyo." Nikacheka, nikamnyang'anya sahani, nikampa ya bati.

Sikumuuliza. Nakuuliza wewe. Ni kitu gani kizuri kilichofungiwa huko?

Mama yako,
Waridi


Jego,
8 Mei 2025

Kwa Abdulbasit,

Assalamu alaikum. Mwero anasema barua alikupa mwenyewe, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukaingia stoo bila kumuaga. Wiki tatu zimepita. Basi bado u mzima.

Nusra alikuwa akipanga kikapu chake cha urembo akaona kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, kimebaki nusu. Akakaa chini akalia. Nilipombembeleza akanieleza. Idi ya kuchinja ya mwaka jana Jaafar alimwomba ile rangi. Nusra akamtania, "Kaka, za mikono au za miguu?" Naye akajibu, "Za bastola." Akamwambia kwamba kazini kuna kikasha cha risasi kibovu kinachofanana na kizuri kama pacha, na anataka kukitia doa kisije kikachanganyika. Akaenda na kichupa, akakirudisha wiki iliyofuata, amekifuta vizuri shingoni. Unajua alivyokuwa.

Kwa hiyo alijua. Alijua kuna kibovu, akakitia alama. Mtu wa namna hiyo ndiye asiyetunza silaha?

Abdulbasit, doa lilikwenda wapi?

Mama yako


Galu,
21 Mei 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Sina uso wa kuuliza hali yako, lakini nauliza.

Barua hii nimeiandika mara nne. Hii ndiyo ya tano, na nitampa Mwero kabla sijaisoma tena.

Unachokiita kikasha sisi tunakiita magazini. Hubeba risasi, huingizwa ndani ya mpini wa bastola, na springi iliyo chini huzisukuma juu moja moja. Bastola ya Jaafar ilikuja na magazini mbili kutoka kiwanda kile kile kilichoitengeneza. Kila moja risasi kumi. Hizo ndizo za kuaminika. Lakini Bwana Samuel alisema kumi ni chache, wezi wa siku hizi wanakuja na bunduki kubwa, akaagiza mbili ndefu za risasi kumi na tano. Zilitengenezwa na watu wengine kabisa. Zinachomoza chini ya mpini kama kidole.

Zile za kiwanda tulizirudisha kwenye boksi lake ndani ya sefu. Ndizo zilizoandikwa kwenye karatasi za leseni, na maofisa wakija kukagua ndizo wanazoonyeshwa. Bwana Samuel anapenda wazikute mpya, hazina mkwaruzo. Ndizo nzuri zilizofungiwa, Mama.

Jaafar alizipeleka zile ndefu kwenye uwanja wa shabaha. Moja ilikubali. Ya pili springi yake ni legevu: risasi ya kwanza inatoka, ya pili inapanda upande upande na kukwama mdomoni. Akapunguza, akatia kumi na mbili, akatia kumi. Bado. Akaitia doa, akaandika kwenye daftari la stoo, "Magazini yenye doa jekundu isitumike. Naomba turudishiwe zile za kiwanda." Aliandika mara mbili, Agosti na Novemba. Bwana Samuel alimwambia mbele yangu, "Wewe Jaafar unapenda kulia. Hizo ni ghali kuliko zako za kumi. Paka mafuta, itazoea."

Tarehe 10 Februari ilikuwa siku ya ukaguzi. Asubuhi Bwana Samuel alifungua sefu, ambamo zile ndefu nazo hulala, akaona doa. Akasema, "Maofisa wakichungulia humu wakauliza hii rangi ni ya nini, nitajibu nini? Futa." Nikachukua spiriti na kitambaa nikafuta. Nilijua ni la nini. Nilijiambia nitalirudisha jioni, lakini jioni sikuwa na rangi, na nilikuwa nimechoka, na zote mbili zilikuwa zimelala mezani zinafanana.

Kesho yake nikampa moja. Aliigeuza kutafuta doa, kama desturi yake. Hakuliona. Akanipiga bega akasema, "Bora wewe, mdogo wangu," akaiingiza, akatoka.

Hiyo ndiyo siku yenyewe.

Bwana Samuel ameniambia ninunue daftari jipya na la zamani nilichome. Sijalichoma. Liko chini ya gunia la mchele. Mama, nisamehe.

Mwanao,
Abdulbasit


Jego,
23 Mei 2025

Abdulbasit,

Nimesoma mara tatu. Mara ya kwanza nilitoka nje nikasimama uani. Nusra ndiye aliyenirudisha ndani.

Salamu sina leo.

Samuel aliagiza, wewe ukafuta. Sitawapima nani mzito zaidi. Lakini karibu miezi miwili nimesoma kwamba mwanangu alikuwa mwoga na mzembe, nawe ulikuwa umelalia daftari lenye mwandiko wake. Ulikula, ulilala, ulihesabu vitunguu vya hoteli. Ukanitumia sukari.

Usiniombe msamaha kwa mkono wa Mwero. Kwale, tarehe 12 Juni, saa tatu asubuhi. Njoo na daftari.

Waridi


Jego,
15 Juni 2025

Kwa mwanangu Abdulbasit,

Assalamu alaikum. Natumai u mzima popote ulipo. Mwero amesema umetoka Galu na vitu vyako kwenye mfuko mmoja, na kwamba unalala kwa rafiki yako Msambweni. Mimi na Nusra ni wazima. Goti liliumia kwa vile viti vya mahakama.

Shahidi huwekwa nje mpaka aitwe, na wewe ulipomaliza kusema uliondoka bila kutazama nyuma. Kwa hiyo hukuona mengine. Nakuandikia uyajue.

Kabla hujaingia, Samuel alisimama na suti yake akasema yale yale: hofu, hofu, uzembe. Alilitamka jina la kaka yako kama mtu anayetema mbegu ya ndimu. Nilikuwa nimeshika kichupa cha Nusra ndani ya kanga na vidole viliniuma. Hakujua kama utakuja. Nami sikujua.

Ulipoingia na daftari limejaa vumbi la mchele, akakaa. Uliyosema uliyasema vizuri. Hukujitetea. Uliposema "nilifuta mimi," hakimu aliacha kuandika akakutazama.

Baada yako aliitwa fundi wa silaha wa polisi, mzee mtaratibu. Alisema amezijaribu zote nne. Zile mbili za kiwanda zilifyatua mpaka risasi ya mwisho, kila mara. Ndefu moja ilikwenda sawasawa. Ile iliyotolewa ndani ya bastola ya Jaafar aliijaribu mara kumi, ikakwama mara saba, na mara zote kwenye risasi ya pili. Akasema mwenye bastola alikuwa amevuta nyuma kifuniko chake cha juu mara mbili kujaribu kuitoa risasi iliyokwama, kwani risasi mbili nzima ziliokotwa miguuni pake. Watu mahakamani wakanong'ona. Abdulbasit, mtu aliyejawa na hofu hukimbia. Kaka yako alisimama pale juani akifanya kazi, risasi zinamjia, akiamini kwamba anayo ile nzuri.

Kisha fundi akasema kwenye ufa wa kitako cha magazini ile amekuta rangi nyekundu kidogo. Samuel akadakia, "Hiyo ni kutu." Nikasimama. Askari akaniambia, "Mama, kaa." Nikamwambia, "Nitakaa nikishatoa hii." Nikakitoa kichupa. Hakimu akauliza ni nini. Nikamwambia, "Ni kutu ya Samuel. Inauzwa dukani Vanga." Watu wakacheka, hakimu akawanyamazisha, lakini kichupa alikipokea, akamkabidhi fundi akipime.

Hakimu ameandika kwamba neno hofu na neno uzembe hayana msingi wowote, na yasisomwe tena juu ya Jaafar. Juu ya Samuel ameamuru polisi wachunguze zaidi. Huenda wewe pia wakuite. Ukiitwa, nenda.

Mwishoni fundi alilifungua lile boksi la sefu mezani. Nilimwomba nisogee, akaniruhusu. Zilikuwa ndani ya karatasi yake, zina mafuta ya kiwandani, zinang'aa. Aliniambia hazikuwahi kufyatuliwa mpaka yeye alipozijaribu, mwezi wa Mei. Niliona sahani zangu.

Nimekasirika bado. Sitakudanganya. Namkasirikia Samuel nikiamka, nakukasirikia wewe nikitia maji jikoni, na nikifungua kabati najikasirikia mwenyewe. Nilimnyang'anya sahani mtoto aliyekuwa na njaa.

Zile za ukingo wa dhahabu nimezitoa zote. Nimeziosha, nimempa Nusra mbili, moja imeshakatika ukingo na sikumfokea. Ijumaa baada ya sala napika wali wa nazi na papa. Nitapakua sahani tatu.

Njoo ule kabla haujapoa.

Mama yako,
Waridi