Sauti ya Maegesho ya Chini

Jumanne, Azaiba, Maskati. Mvua imekatika.

Wiki nzima nimewaandaa walinzi ninaowasimamia kwenye jengo hili kwa dhoruba za msimu wa baridi: magunia ya mchanga, tochi, nani azime lifti, nani afunge geti. Nikiwaambia watu wa nyumbani Kenya kwamba Maskati kuna mafuriko, wananicheka. Hawajaona maji yakishuka kutoka milima ya Amerat.

Leo saa tisa mchana kiza kiliingia na taa za barabarani zikawaka. Niliita malindo yote kwa redio, moja moja, nikiweka alama kwenye orodha.

"Chini?"

"Chini kuko sawa, madam."

Nikaweka alama. Lakini chai ya Mutua, mlinzi wa maegesho ya chini ya ardhi, ilikuwa inapoa mezani kwangu, na Mutua hachelewi chai hata siku moja. Nikaita tena. Jibu likaja lile lile, na nyuma yake nikasikia upepo ukivuma.

Chini hakuna upepo.

Niliposhuka, maji yalinifika magotini. Kiti cha Mutua kilikuwa kinaelea. Sijui kwa nini, nikaita tena nikiwa nimesimama palepale.

"Chini kuko sawa, madam."

Kisha nikasikia mtu akigonga kutoka ndani ya chumba cha pampu. Mutua alikuwa ameingia kuiwasha, maji yakausukuma mlango ukajifunga, na mle ndani redio haishiki. Nilivuta, yeye akasukuma, hadi ukaachia.

Sauti ile ya redioni ilikuwa ya Wafula, mlinzi wa kwenye paa. Alidhani Mutua ameenda chai, akamjibia.

Siwezi kumgombeza. Walipokuja wakiwa wageni, na bosi akitafuta wa kumkata mshahara, mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha: mwenzako asipokuwepo, mjibie. Ulikuwa upendo, na bado nasema ulikuwa upendo. Leo nusura umzamishe Mutua.

Kesho asubuhi nitawakusanya na kukiri kosa langu mbele yao. Kuanzia hapo nitaita majina, si malindo, na kila mtu atajijibia mwenyewe.

Jioni mama alipiga simu kutoka Machakos. Aliuliza kama mvua imetufikia, na kama mimi ni mzima.

"Huku kuko sawa, mama," nikamwambia, taratibu, huku nimeshika simu kwa mikono miwili isianguke.

Na mimi je, nani alikuwa akinijibia?