Siku Aliyozaliwa Baba

Jumatatu, 2 Juni
Baridi. Upepo haujapumzika tangu jana. Nimesahihisha karatasi za kidato cha pili hadi macho yakauma, chai imepoa mezani. Nikafungua simu. Grupu letu la Magitaa ya Kale limeamka na birthday kama kila siku: mpiga dramu fulani wa Uingereza. Maua, picha za keki. Kisha ugomvi uleule. Roki ya saikedeliki, ile ya magitaa yanayokoroma na kuyumba kama mtu mwenye homa, ilianzia wapi? Jamaa wa Mbeya anasema Marekani. Wa Dodoma anasema Uingereza. Mimi nimeandika: ilikoanzia sijui, ilikofika najua. Ilifika Kitwe, Zambia, kwenye migodi ya shaba, na baba yangu alikuwepo.

Wananiona mwalimu wa historia anayejisifia marehemu. Kasiani peke yake ndiye aliyejibu, akatuma alama ya ngumi. Yeye ndiye admini. Fundi redio wa pale sokoni, rafiki yangu wa kubishana naye muziki tangu nihamie Sumbawanga. Huyo ananiamini.

Jumatano, 4 Juni
Nimeamua. Baba naye ataingia kwenye birthday za grupu. Kwa nini asiingie? Alivuka mpaka akiwa kijana, akapiga gitaa na bendi ya vijana wa migodini. Akarudi kijijini Mwazye kulima ulezi. Alipiga kwenye kwaya ya parokia hadi paroko alipokikataa kikanyagio chake, kile alichokiunda kwa vipuri vya redio mbovu ili gitaa likorome. Alikufa mwaka juzi. Kimebaki kitu kimoja, kanda ya kaseti. Mwezi uliopita nilimpa Kasiani aisafishe, aihamishie kwenye simu. Anasema bado, utepe umeganda, nivute subira. Sawa. Nisingempa mtu mwingine yeyote.

Tatizo ni tarehe. Grupu halipokei birthday isiyo na ushahidi. Baba mwenyewe alisema alizaliwa wakati wa kuvuna ulezi. Basi.

Jumamosi, 7 Juni
Shule imefungwa. Niko Mwazye kwa Mama. Katekista amenitolea kitabu cha ubatizo, kurasa zimeliwa na mchwa pembeni. Nikateremsha kidole polepole. Jina la Baba: Polikapo. Kazaliwa tarehe kumi Juni. Jumanne hii! Nimelia mbele ya katekista. Aibu.

Mama hakushangaa. Alisema, "Kumbe na yeye alikuwa na siku yake," akaendelea kupepeta.

Nikampigia Kasiani papo hapo, kabla ya ndugu yeyote. Akaniomba nirudie tarehe. Kisha akasema nisiiweke mimi, nimwachie yeye, ataipanga vizuri. Nimefurahi kama mtoto.

Jumanne, 10 Juni
Asubuhi nimefungua grupu. Picha ya Baba, ile niliyompa Kasiani pamoja na kanda. Gitaa begani, suruali pana chini. Na maneno: heri ya kuzaliwa Mzee Polikapo, baba mdogo wa admini wetu.

Baba mdogo.

Chini yake mahojiano ya redio moja ya Dar, ya jana. Kasiani anaeleza jinsi alivyokuwa akikaa miguuni pa baba yake mdogo, akijifunza kuunga nyaya. Kikanyagio, paroko, ulezi, vyote vimo. Maneno yangu kwa sauti yake. Halafu likaja gitaa. Kumbe kanda ilishapona siku nyingi. Nimelisikia gitaa la baba yangu kwa mara ya kwanza tangu tumzike, na nimelisikia kama mpita njia, pamoja na watu wote.

Jina la Baba hakuliiba. Aliyefutwa ni mimi.

Pongezi zinamiminika. Jamaa wa Mbeya: "Admini, kumbe damu yako ni roki tupu!" Nimeandika sentensi moja tu, kwamba huyo ni baba yangu mzazi. Wa Dodoma akajibu, "Mwalimu, ninyi Wafipa si wote ndugu?" Wakacheka.

Jumatano, 11 Juni
Nimerudi mjini, nikashukia sokoni moja kwa moja. Kasiani alikuwa ameinamia redio. Hakuinua uso.

"Watu wa redio walisema wanataka ndugu wa marehemu," alisema. "Fundi hawamtaki. Wakaniuliza, wewe ni ndugu? Nikasema ndiyo. Neno moja tu, dada Leokadia."

"Ungewapa namba yangu."

"Ningewapa, mimi ningebaki nani? Miaka yote naongoza grupu, nazijua bendi zote, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hata moja."

"Na mimi hukuniuliza."

Hapo akaniangalia. "Ungekataa."

Kweli ningekataa. Ndiyo maana ya kuuliza. Nimedai kanda yangu. Amenipa, imefungwa vizuri kwenye kitambaa safi. Usafi ule umeniuma kuliko uongo. Nilitaka kumtukana, nikashindwa. Namchukia. Nimeandika, libaki hivyo.

Jumamosi, 14 Juni
Amekiri kwenye grupu. Mistari mitatu: Mzee Polikapo ni baba wa Mwalimu Leokadia, aliteleza, tumsamehe. Wamemsamehe kabla chai yangu haijapoa. Eti binadamu, eti muhimu ni muziki. Mimi sijaulizwa kama nimesamehe. Mtangazaji naye amesahihisha, kwa haraka, kati ya matangazo. Nimejitoa kwenye grupu.

Mama amepiga simu. Jirani alimsikilizisha yale mahojiano ya kwanza. Nikamwambia yule ni mwongo. Akasema, "Najua, mwanangu. Hatuna mtoto wa shemeji mwenye jina hilo. Lakini gitaa lilikuwa la baba yako." Sauti yake ilikuwa na furaha. Nimemwonea wivu mama yangu. Furaha ile nilitaka nimpe mimi.

Jumapili, 22 Juni
Misa ya kwanza. Kisha nimefua. Jua zuri, upepo umepungua.

Kasiani alikuwa upande wa pili wa kanisa. Tulipotoka alisimama kama anayetaka kusalimia. Nimempita. Sijutii.

Mchana nimesoma kwamba wapo wanaosema ile milio ya magitaa ilianza kwa spika iliyochanika tu, watu wakaipenda. Nikacheka peke yangu. Nikashika simu nimwambie mtu, ili abishe, aseme spika si chanzo, nami nimjibu, tugombane hadi jioni. Nimeshika simu muda mrefu. Mtu wa kugombana naye nilikuwa naye mmoja.

Nimeiweka simu chini. Nguo zimekauka, naenda kuzianua.