Kukamua kwa Mkono wa Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Naandika kwa kushoto. Mwandiko kama kuku kapita kwenye wino! Basi. Si wa kusomwa na mtu.

Mke wangu ndiye kanipa daftari. Alisema nikiwa na la kusema niandike, maana redio imechoka kubishana na mimi.

Mkono wa kulia uko vilevile. Mwezi wa tano sasa.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi. Lowesha kitambaa, kamua. Lowesha, kamua. Mara hamsini asubuhi, hamsini jioni. Yule mama wa mazoezi hospitalini hana huruma. Kinyozi wa miaka ishirini na mbili — leo nakamua dekio! Kutwanga maji kwenye kinu. Nilifika kumi na nane, nikakitupa dirishani.

Kikamwangukia jirani. Nikachutama chini ya dirisha hadi alipomaliza kuuliza ni nani.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu karudi toka kazini — anafundisha chekechea — na nanasi kwapani kama amebeba mtoto aliyegoma kutembea. Kaliweka mbele yangu. "Kama ni kukamua, baba, basi kamua kitu tukinywe."

Yeye kamenya, mimi nikaangalia. Kuangalia kunauma. Kisu ni kazi yangu! Kakata shungi, kakata kitako, kalisimamisha, kashusha maganda toka juu hadi chini. Yale macho yaliyobaki kayang'oa kwa ncha ya kisu, moja moja. Vipande kwenye blenda, maji kidogo, kipande cha tangawizi. Halafu uji ule wote juu ya kitambaa cheupe kilichochemshwa, bakuli chini yake. Hapo ndipo nikaitwa.

Nikakamua. Wa kulia ulishika, wa kushoto ukawa unasaidia kichinichini. Binti yetu kaniona. "Baba, unaibia mtihani." Ana miaka kumi na minne na ulimi kama wembe. Sijui kautoa wapi.

Jagi halikufika hata nusu; binti kaweka alama ya mstari hapo. Makapi yalibaki chepechepe. Lakini juisi yenyewe! Imepanda povu kama la sabuni ya ndevu. Nilikunywa glasi mbili nimesimama.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimekamua peke yangu, wa kulia tu. Wa kushoto nimeuweka mfukoni, binti akiwa hakimu. Kachora mstari mwingine kwenye jagi kwa kalamu ya wino: juisi ya nanasi moja. Wa leo uko chini ya wa Alhamisi. Nikamwambia nanasi la leo dogo. Kasema hata yeye akifeli huwa mtihani ulikuwa mgumu.

Maganda tumeyaosha, tumeyachemsha na tangawizi. Nyumba nzima inanukia. Mimi sinusi. Nawaza saluni. Jumamosi kama hii watu wamejaa hadi nje, Kipara anafoka na kucheka kwa pumzi moja. Kipara ni mwenzangu, tulianza pamoja na kiti kimoja na kioo cha kuazima. Kinyozi asiye na unywele mmoja kichwani, ndevu tele kidevuni! Anasema nywele zake zimeshuka kutafuta kazi.

Zamani alikuwa anapita hapa kila Jumatatu. Sasa wiki ya pili kimya. Kazi nyingi, nadhani.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Nimepanga kabati la vyombo. Nimelipangua. Mke wangu kasema niketi. Nimeketi. Nimesimama.

Jumatano, 12 Machi

Hospitali. Yule mama kanifunga macho kwa taulo, kachukua sindano butu. "Nikikugusa, niambie wapi."

Kiganja, nikasema. Sawa. Kidole cha mwisho. Sawa. Halafu kimya kirefu. Nikahisi anasubiri. Nikasema: dole gumba.

"Sijakugusa, baba."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kaniondolea taulo, kanitazama kama ninavyomtazama mteja aliyejinyoa mwenyewe nyumbani. Kasema hapimi ujanja wangu, anapima mshipa wa fahamu. Ulikatika kifundoni, wameuunga, unaota polepole kama mche. Vidole vitatu — gumba, cha shahada, cha kati — huenda vikaamka. Huenda visiamke vyote. Nikamuuliza kuhusu wembe. Akauliza: wembe shingoni mwa nani?

Nikachukua kadi yangu, nikatoka.

Kile kioo cha saluni kilichonikata! Kilikuwa kinateleza ukutani na mimi nikakidaka. Mtu mzima, akili timamu, anadaka kioo! Nimekitukana njia nzima. Abiria wa pembeni kasogea.

Ijumaa, 14 Machi

Sitaki kuandika, lakini niandike.

Walikuwa wametoka wote. Nikasema leo nalimenya mimi. Kisu mkono wa kulia, nanasi limeshikwa na wa kushoto. Lilikwenda vizuri! Polepole, ganda moja baada ya jingine. Nikaanza hata kupiga mluzi. Nikakata vipande, nikasaga, nikakamua, nikamimina. Binti alipofika nikamkabidhi glasi kama mhudumu wa hoteli.

Kainyanyua, kaishusha. "Baba. Mbona ina rangi ya waridi?"

Nikatazama mkono. Kidole cha shahada cha kulia kiliteleza kwenye makali, kimepasuka ubavuni, mdomo wazi, damu inachirizika hadi kwenye kiwiko. Sijui tangu saa ngapi. Sikusikia kitu. Tindikali yote ile ya nanasi, na mimi napiga mluzi!

Tumemwaga yote. Mke wangu aliporudi kanifunga kidole, kisha kakusanya visu vyote, kaenda navyo chumbani. Sikumuuliza anavificha wapi. 

Ningekuwa nimemshika mtu shingo?

Jumapili, 16 Machi

Hakuna. Nimezunguka nyumba. Nimehesabu marumaru za ukumbini. Mia moja na nane na nusu.

Jumanne, 18 Machi

Niandike haraka kabla sijaamini kuwa nimeota!

Nanasi kalimenya mke wangu kabla ya kwenda kazini. Mimi kazi yangu kitambaa tu. Kidole kimefunga, kidonda kimebaki kijistari. Nimekunja kitambaa, nimeshika, nimekaza, juisi ikanipitia vidoleni — na pale kwenye kijistari pakaniwasha.

Pakaniwasha!

Nikaachia. Nikashika tena. Ikawasha tena. Si sana, ni kama mtu ananong'ona ukutani chumba cha pili. Lakini yupo! Nikachovya kidole chote kwenye bakuli, najua si usafi, nikapiga yowe. Jirani kagonga, kauliza kuna nini. Nikamwambia nanasi linaniuma. Kasema pole, kaondoka taratibu. Ataueleza mtaa mzima.

Mke wangu nilimpigia simu darasani kwake. Watoto wanaimba nyuma. "Linaniwasha!" Kauliza nini. "Kidole!" Nikasikia anawaambia watoto waendelee wenyewe. Hakukata simu. Tulikaa hivyo hivyo, tunasikiliza wimbo wa bata.

Jioni mstari mpya kwenye jagi. Umeupita wa Alhamisi ile kwa upana wa vidole viwili. Hakimu kakiri.

Alhamisi, 20 Machi

Sasa cha kati nacho. Ganzi ya kuchoma, kama sisimizi. Gumba bado gogo.

Nimeanza kunyoa puto kwa kijiko. Wanafunzi wa kinyozi hunyoa puto lililopakwa sabuni, likipasuka umechinja mteja. Kwa kijiko halipasuki. Ni kujidanganya tu, lakini kifundo kinakumbuka mwendo wake.

Jumatatu narudi saluni. Hata kama ni kufagia na kuchemsha mataulo. Nitakaa kwenye kiti changu cha dirishani, nipige soga na wateja. Nimemwambia mke wangu wakati wa chakula. Kaweka kijiko chini. Binti kamtazama mama yake. "Mama, bado hujamwambia?"

Kuniambia nini?

Kiti changu kina mtu. Kinyozi mwingine, wa miwani. Wiki ya tatu leo. Kipara alimpitia mke wangu kazini, akamweleza, akamwomba amtafutie maneno ya kuniambia. Mke wangu akayatafuta wiki tatu!

Niliinuka mezani. Nikasema nyumba hii mimi ndiye mgonjwa, si mpumbavu. Yeye kasema: "Ningekwambia siku gani? Siku ya sindano? Siku ya damu?"

Mlango wa chumbani nimeubamiza. Daftari lilikuwa limebaki mezani, ikabidi niufungue tena kulichukua.

Ijumaa, 21 Machi

Nimekwenda. Sikuingia. Nimesimama ng'ambo ya barabara nyuma ya lori la magodoro, kama mwizi.

Yule wa miwani yupo. Kijana wa makamo, mtulivu. Ananyoa kwa mashine, kisha anamaliza kwa wembe. Mkono mwepesi, lazima niseme. Mteja alikuwa yule mzee wa benki, wangu wa miaka kumi, ambaye hataki kuguswa sikio la kushoto. Nikasema moyoni: sasa atamgusa sikio, mzee ataruka. Hakumgusa! Nani kamwambia?

Kipara ndiye kamwambia. Nani mwingine anayejua?

Kipara alitoka kumwaga maji. Tulitazamana. Lori likaondoka kati yetu — yaani hata cha kujifichia sikuwa nacho. Kainua mkono. Mimi nikageuka. Nimetembea hadi nyumbani, na si karibu.

Jumamosi, 22 Machi

Mananasi matatu. Nimekamua kwa hasira. La tatu, kitambaa kimechanika! Kimechanika katikati, pwaa, makapi hadi ukutani, hadi kwenye nywele za binti. Wa kulia tu, kushoto mfukoni. Tukabaki tumeduwaa. Halafu binti kaanza kucheka, mama yake kafuata, na mimi, niliyekuwa sisemi na mtu tangu juzi, nikashindwa kuzuia.

Mke wangu kanitoa nyuzi za nanasi kwenye ndevu. Kasema aliogopa. Si kwamba ningekasirika — kwamba ningenyamaza. Nikamwambia mimi pia niliogopa, tangu siku ya sindano. Sikuwa nimelisema hilo kwa mtu. Hata humu.

Visu vimerudi jikoni. Sikuona nani kavirudisha.

Jumapili, 23 Machi

Saa nne asubuhi, mlango. Kipara.

Kavaa shati la kutokea. Kasimama kizingitini, kipara kinang'aa, ndevu zimemwota hadi shavuni kama amefiwa. "Shemeji, nisamehe. Nimekuja kwa huyu." Mke wangu kamkaribisha, kamletea juisi. Kainywa yote, kaomba nyingine.  Mimi nilikuwa nakunja kitambaa kipya. Nikakikunja mara saba.

Akaanza yeye. Kwamba wateja walikuwa wanaondoka, wakiona kiti kitupu wanadhani pamefungwa. Kwamba yule wa miwani anajua ni wa muda. Nikauliza: muda gani? Kasema: "Hilo nakuuliza wewe, ndugu yangu."

Nikamwambia alipaswa kuja kwangu, si kumtuma mke wangu kama barua. Kasema kweli. Kasema alifika mara mbili hadi hapo kwa jirani, akageuza. Mara ya pili alinisikia napiga yowe eti nanasi linaniuma. Akadhani ndiyo akili imekwenda.

Binti katoka mbio, tukamsikia anacheka jikoni. Mimi nilijikaza. Sikufika mbali.

Kisha Kipara katuliza uso. Kaniomba mkono. Kaushika wa kulia, kaugeuza, kapitisha ukucha kwenye kovu, kwenye kiganja, kwenye vidole. "Hapa?" Nasikia. "Hapa?" Nasikia, kama mbali. "Hapa?" Gumba. Nilitaka kusema ndiyo. Nikasema: sisikii.

Kaitikia kwa kichwa. Kasimama, kavuta kiti cha jikoni, kakiweka dirishani penye mwanga. Kavua shati la kutokea, kalitundika msumarini. Kachukua taulo begani kwa mke wangu, kalifunga shingoni mwake mwenyewe. Kaketi.

"Kinyozi hajinyoi," kasema. "Wewe unajua."

Nikamwambia asiwe mwehu, hajasikia jibu langu la gumba? Kasema kalisikia. Ndiyo maana kaketi. Ningedanganya kuwa nasikia, angekuwa kashaondoka na shati lake.

 Mke wangu kabandika maji jikoni. Hakuniuliza. Kaenda chumbani, karudi na mkoba wangu wa kazi, ule mweusi, kauweka mezani pembeni ya daftari hili. Nao haujafunguliwa tangu Oktoba.

Naandika wakati maji yanapata moto. Kwa kulia! Sasa hivi nimegundua — tangu "Saa nne asubuhi" hapo juu ni kulia. Herufi zinayumba, kalamu nimeibana kati ya cha shahada na cha kati, gumba limelala tu juu yake.

Kipara kafumba macho. Kaegemeza kichwa nyuma, koo lote nje. Mshipa unapiga, nauona toka hapa. Anasema, bila kufumbua, nisisahau kuwa ana chunusi chini ya taya.

Birika limeanza kuimba. Binti kasimama mlangoni. Mke wangu ananitazama mkono, si uso.

Nimefungua mkoba. Wembe umo. Naweka kalamu chini niushike.