Maji Niliyomchotea Baba

Alhamisi, Lusangi, majira ya mpunga.

Leo ukungu umekaa. Ulipanda kutoka mtoni alfajiri, ukafunika mpunga, ukafunika njia ya kanisa, na hata jua lilipokuwa juu bado niliona michikichi ikielea kama haina miguu. Niligonga kengele ya sala ya asubuhi bila kuwaona watu. Niliwasikia tu wakikohoa wakija. Na siku nzima imekwenda hivyohivyo, kama mtu anayetembea ndani ya usingizi wake.

Naandika upesi kabla giza halijaingia. Mambo ya leo nikiyaacha yalale, kesho nitaanza kuyapamba.

Baba anaumwa. Tangu mvua zianze hainuki tena kitandani, na macho yake yalizimika zamani. Sasa hata akili inamtoka na kumrudia, kama mtumbwi uliofungwa kwa kamba ndefu. Asubuhi aliniita kwa jina la ndugu yake aliyefia Nyangwe, akaniambia nishike kasia vizuri, Lualaba imejaa. Nikamwambia nimeshika. Akafurahi. Tukavuka pamoja, yeye kitandani, mimi kwenye kigoda, na sikumbuki ni lini nilipata kuwa karibu naye namna hiyo.

Baba ni Mwislamu. Mimi ni katekista wa misheni: nafundisha sala, naandaa watu kwa ubatizo, naongoza ibada wakati Padri hayupo. Huku upande wa Kabambare hakuna anayeshangaa. Nyumba nyingi zina mmoja wa msikitini na mmoja wa misa, na wote wanakula sombe, yale majani ya muhogo, kutoka chungu kimoja. Mimi nilibatizwa nikiwa kijana, shuleni kwa mapadri. Kaka yangu Sefu alibaki katika dini ya baba. Yeye ni fundi cherehani kule Kasongo, karibu na msikiti, na miaka hii yote tumekuwa tukisalimiana kwa adabu kama wageni.

Sasa niseme jambo lenyewe.

Padri alipopita kwetu mara ya mwisho, alisema wanatafuta katekista wa kukaa Kasongo mjini, kwenye kanisa la matofali. Kuna nyumba ya bati, shule ya watoto iko jirani, soko liko jirani. Mke wangu Veronika alizaliwa kule, na tangu siku ile amekuwa akiimba anapotwanga. Padri aliniwekea mkono begani mbele ya watu akasema, "Kule nataka mtu ambaye nyumba yake yote imeingia kanisani." Kisha akatazama mlango wa chumba cha baba.

Tangu hapo nimekuwa na ndoto moja, nayo naiota macho wazi. Baba amevaa kitambaa cheupe. Anatembea katikati ya kanisa, mkono wake begani kwangu. Jua linaingia kupitia nyufa za kuta za udongo. Waimbaji wamenyamaza. Hata kapita, msimamizi wa mashamba ya pamba, ambaye humvulia kofia Mzungu peke yake, ameivua. Nilidhani ni ndoto takatifu. Nimemshukuru Mungu kwa ajili yake mara nyingi, nikipiga magoti.

Leo ndipo nilipoona kwamba katika ndoto ile hakuna anayemtazama baba.

Wote wananitazama mimi.

Padri anarudi Jumamosi. Sefu naye alikuwa njiani. Mchuuzi mmoja wa chumvi alimpelekea habari za ugonjwa, na jana wapita njia waliotoka Kasongo walisema wamemwacha nyuma yao, anasukuma baiskeli kwenye matope. Nilijua Sefu akifika hatakubali. Basi nikaamua iwe leo, kabla yake. Moyoni nililiita jambo hilo bidii ya dini.

Veronika alikuwa amekwisha kufua kitambaa cheupe na kukianika. Mimi mwenyewe nilishuka chemchemi kuchota maji, sikutaka mwingine anichotee. Mchana, ukungu ulipoanza kupasuka, niliingia kwa baba na bakuli mikononi. Veronika akasimama mlangoni.

"Baba, ni miye, Remi."

"Niko nasikia."

"Unataka nikubatize? Uingie pamoja na sisi?"

Akageuza sikio kuelekea sauti yangu. Nje kulikuwa na njiwa analia.

"Weye unataka?"

"Nataka sana, baba."

"Basi miye pia niko nataka." Akautafuta mkono wangu juu ya blanketi mpaka akaupata. "Weye ndio unanilisha, mutoto wangu. Nitakataa namna gani?"

Nyuma yangu Veronika akashusha pumzi.

"Amekubali," akanong'ona. "Umesikia mwenyewe. Amekubali."

Ni kweli, alikubali. Tulifundishwa kwamba mgonjwa akiwa katika hatari, katekista anaweza kumbatiza mwenyewe, mradi mtu huyo anataka kwa hiari yake. Na hapa mtu amesema anataka. Jibu lile ningeweza kumpelekea Padri jinsi lilivyo, bila kuongeza uongo hata chembe.

Nikainua bakuli.

Nikaona mpunga. Sijui kwa nini. Niliona shamba la zamani, baba akiwa na macho yake yote mawili, ameinama anakata mashuke, na mimi kijana nimesimama kando namwambia kwamba nataka kubatizwa. Aliendelea kukata mpaka akamaliza kipande chote, akafuta kisu kwa majani, ndipo akasema: "Kama ni moyo yako inakupeleka, kwenda. Kama ni macho ya watu, bakia." Hakurudia tena maneno hayo. Siku nilipobatizwa alileta kikapu cha mchele kwenye jiko la misheni, akasimama nje ya ua mpaka misa ikaisha, kisha tukarudi nyumbani pamoja tukizungumza habari za ndege wanaokula mpunga.

Mtu huyu aliniacha huru wakati alikuwa na nguvu juu yangu. Sasa nguvu ziko kwangu. Kijiko ninacho mimi. Maji ninayo mimi.

Nikajaribu kusali. Nikasema moyoni: Ee Mungu, nimlete kwako. Nikasikia lile "ni" la mwanzo likigonga. Nikaanza upya: nimwokoe, nimkabidhi, nistahili. Sala zote zikaja hivyo. Kila neno lilianza na mimi, na kila nilipolifukuza lilirudi likiwa limevaa kanzu nyingine.

Niliogopa. Nimefundisha watu wengi kusali.

Sijui nilisimama muda gani. Bakuli liliinama, maji yakanimwagikia miguuni.

"Ni Alasiri?" baba akauliza.

Sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya zamani, ya mtu anayejua alipo.

"Ni Alasiri, baba."

"Basi nipatie maji nitawaze. Halafu unigeuze. Siku hizi zote niko nasali nikitazama mulango tu, ninajua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Weye ni mutu wa kanisa. Sikutaka kukuletea matata."

Niliposikia hayo, kitu fulani ndani yangu kiliketi chini. Siwezi kukieleza vizuri zaidi ya hapo. Mimi nilikuwa nimekwenda chemchemi nikapanga kila kitu juu yake, naye alikuwa akisali akiwa ameelekea upande usio wa kibla ili asinisumbue.

Nikapiga magoti. Maji yale yale nikammiminia mikononi. Nikampa asukutue kinywa. Nikamwosha uso, na mikono hadi viwiko, nikampitishia maji kichwani, kwenye zile nywele chache zilizobaki, laini kama pamba iliyosahauliwa shambani. Nikamwosha miguu. Sikumbuki kama nimewahi kuishika miguu ya baba. Kisigino cha kushoto kina kovu kubwa ambalo sikuwahi kulijua.

Nilipoinua kichwa, Veronika hakuwapo mlangoni.

Nikakigeuza kitanda kuelekea kaskazini, pale vilima viwili vinapoachana. Sikuhitaji kufikiri. Nilipokuwa mtoto nilisimama kando yake kwenye mkeka tukitazama pale pale, na mwili haukusahau. Baba hawezi kukaa peke yake, kwa hiyo nilikaa nyuma yake nikamwegemeza kifuani kwangu. Mwepesi kama kikapu kitupu. Aliinama kwa kichwa tu, akanong'ona, nami maneno yake niliyasikia kwa kifua zaidi ya masikio.

Mimi nami nikasali, kimyakimya, ile sala tunayosali kila siku. Nilipofika mahali pa mapenzi yake Mungu nikakoma. Hapo siku zote huwa nina la kuongeza. Leo sikuwa nalo. Niliendelea kumshikilia baba tu. Ukungu ulikuwa umerudi taratibu, umeingia hadi kizingitini, na mwanga ndani ya chumba ukawa mweupe hauna upande. Kwa kitambo sikuwa katekista, wala mtu wa Kasongo, wala wa Lusangi. Nilikuwa mgongo wa kiti cha mzee anayesali.

Ilikuwa raha. Naandika hivyo kwa sababu sikuitegemea.

Sefu alitukuta hivyo. Nilimwona ghafla mlangoni, matope hadi magotini, mkono mmoja bado umeshika baiskeli. Sikuweza kunyanyuka, baba angeanguka. Sefu akatutazama. Akailaza baiskeli chini polepole, akavua viatu, akangoja mpaka baba akageuza uso kuume na kushoto kumaliza sala yake. Ndipo akaingia, akamsalimu, akambusu mkono, kisha akakaa sakafuni.

"Nilikuja na maneno," akaniambia baadaye, baba alipokwisha kusinzia. "Njia nzima nayapanga. Kasongo wanasema unataka kumugeuza baba."

"Ni kweli, nilitaka," nikamjibu. "Leo mchana. Maji yalikuwa mkononi."

Akaliangalia bakuli, tupu, chini ya kitanda.

"Sasa?"

"Sasa yuko na Mungu wake. Mungu akiwa na neno kwake, atamwambia Mwenyewe. Miye nilikuwa nataka kumusemea."

Sefu alikaa anakwaruza matope kwenye muundi wa mguu. Nilimngoja aseme jambo kubwa. Huwa ana maneno, Sefu, tangu utotoni.

"Niko na njaa," akasema.

Nikaenda jikoni. Veronika alikuwa ameketi mbele ya mafiga, moto unawaka, chungu hakijatelekwa. Kitambaa cheupe kilikuwa mapajani mwake, kimekunjwa vizuri. Nikataka kumweleza. Akanizuia kwa mkono.

"Nyumba ile nilikwisha kuipanga kichwani," akasema. "Hata kitanda nilikwisha kuweka. Usinifundishe sasa, Remi. Acha kwanza nilie, halafu nitapika."

Nikamwacha alie. Nilikaa naye, sikumfundisha. Baadaye alifuta uso kwa pindo la kikwembe alichojifunga, akateleka maji ya ugali, akaniuliza kama Sefu bado hapendi pilipili. Kile kitambaa amekwenda kumtandikia baba chini ya kichwa, kwa sababu, amesema, blanketi linamkwaruza shavu.

Jumamosi Padri atauliza. Nitamwambia kwamba baba hakulitaka lile jambo kwa moyo wake, alilitaka kwa ajili yangu, na hiyo haitoshi. Labda ataelewa, maana yeye ndiye aliyetufundisha. Labda atatazama pembeni, na ile nyumba ya Kasongo apewe mwingine. Mkubwa ni yeye, nitamtii, na hapa Lusangi bado wapo watoto wa kufundishwa.

Nisidanganye, bado naitaka. Nimejipapasa moyoni jioni hii nikakuta tamaa yangu iko hai, imekaa tu kimya kama mbwa aliyekemewa. Na mbaya zaidi, ninapoandika ukurasa huu kuna kisauti kinachoniambia: tazama ulivyo mnyenyekevu leo. Hapo juu palikuwa na sentensi iliyonisifu. Nimeipiga mistari mpaka karatasi imetoboka.

Je, nitaweza kutenda jema moja na kulisahau? Sijui. Naona kazi hiyo si ya siku moja, na naona siwezi kuianza mimi. Naomba nianziwe.

Mwanga umebaki kidogo sana. Sefu ananiita kutoka chumbani. Baba anataka kulazwa upande wa pili, na mtu mmoja hamwezi.